"Mara ya pili" au "kutoka juu"? Namna ya kulifuatilia neno la Kigiriki bila kukijua Kigiriki

Juzi, baada ya ibada ya jumuiya hapa Pasua, Moshi, kijana aliyepewa zamu ya mahubiri alinifuata. "Shikamoo mzee. Mbona Yohana 3:3, Yesu anapomwambia Nikodemo, yule Farisayo, kwamba mtu lazima azaliwe, Biblia yangu inasema 'mara ya pili', ya mama inasema 'upya'?" Yake ni tafsiri ya Union, ya mama ni Habari Njema. Tukakaa barazani na simu yake mpaka chai ikapoa.

1. Soma sura nzima katika Biblia zote mbili.

2. Ingia tovuti ya Bible Hub au Blue Letter Bible, ni bure. Maelezo ni ya Kiingereza, kaa na kamusi. Katika mstari wa 3 utakuta neno la Kigiriki anothen, namba ya Strong 509 (kila neno la Kigiriki la Biblia limepewa namba yake). Ano ni juu; -then ni "kutoka".

3. Tafuta kwa namba. Usitafute kwa neno la Kiswahili! Mimi zamu yangu ya kwanza nilitafuta "mara ya pili", nikaangukia mstari wa 4, Nikodemo anapouliza kama mtu aweza kuingia tumboni mwa mamaye mara ya pili. Nikajenga mahubiri yote juu ya hoja kwamba Yesu na Nikodemo wametamka neno lilelile. Usiku wa manane ndipo nikaona namba: mstari wa 4 ni deuteron, 1208, yaani mara ya pili tu, wala halina habari ya juu. Nikachana karatasi nne. Yesu ametumia neno lenye maana mbili, "kutoka juu" na "upya", Nikodemo amedaka moja, akakimbilia tumboni mwa mama. Katika Union huo mchezo hauonekani, kwa kuwa mistari yote miwili inasomeka "mara ya pili".

Na "juu" nayo inateleza. Mstari wa 31: "Yeye ajaye kutoka juu, huyo yu juu ya yote." Ya kwanza ni anothen, ya pili ni epano, neno jingine kabisa. Kwa hiyo namba, namba, namba.

4. Pitia mahali pote anothen lilipotumika. Ni 13 tu, jioni moja inatosha. Katika Yohana 19:11 mamlaka ya Pilato yametoka juu. 19:23 kanzu ya Yesu imefumwa tangu juu. Luka 1:3 ni "tangu mwanzo". Wagalatia 4:9 ni "tena". Sasa, tafadhali, usizimwage maana zote tatu kwenye mstari mmoja eti "Kigiriki ni kipana". Wahubiri wetu wanalipenda hilo, mimi linanichosha. Mwandishi hutumia maana inayodaiwa na sentensi yake. Akicheza na mbili, kama hapa, onyesha mchezo wenyewe.

5. Amua. Mimi nasema "kutoka juu", kwa sababu nje ya mazungumzo na Nikodemo ndivyo Yohana anavyolitumia kila mara.

Kijana aliandika "kutoka juu" kwa penseli pembeni mwa Union yake. Ya mama hakuigusa, alisema atapigwa.