Kufufua pikipiki ya zamani nyumbani: funga yote kwanza, rangi baadaye

Nimeshanunua pikipiki mbili zikiwa ndani ya maboksi. Zote zilikuwa za watu wenye mikono mizuri tu: walizifungua kwa siku mbili, wakapiga fremu rangi ya kung'aa, halafu wakakosa pa kuanzia kufunga. Moja ilikuja na nati zake zote ndani ya kopo moja. Tangu hapo nina mpangilio ninaoushikilia: injini ijulikane hali yake mapema, pikipiki nzima ifungwe bila rangi, ndipo rangi ifuate.

Mifano mingi nitaitoa kwenye Honda CG125 ya zamani, ile iliyoanza kuuzwa 1976, ambayo valvu zake husukumwa na pushirodi, yaani vijiti virefu vya chuma. Ndiyo niliyoishika zaidi. Pikipiki yoyote ya silinda moja yenye kabureta na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) inafuata njia hiyohiyo, ila vipimo uvitoe kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako.

1. Kabla ya kushika spana

Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye hati za umiliki. Zisipolingana, malizana na jambo hilo kwanza, maana hakuna rangi itakayolifuta.

Kisha piga picha, nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Kebo ya klachi inapita kulia au kushoto kwa shingo ya fremu? Washa ile nene ilikaa ndani au nje? Leo unaona wazi, baada ya miezi minne utaapa kwamba hukuwahi kuiona. Kila sehemu iwe na mfuko wake wenye jina.

Kwa skrubu za vifuniko vya injini mfuko hautoshi. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu, kisha chomeka kila skrubu mahali ilipotoka. Zinatofautiana urefu. Ukiingiza ndefu kwenye tundu la fupi, inagota chini kabla kifuniko hakijabana, nawe ukilazimisha unapasua alumini.

Kuna jambo la bisibisi pia. Skrubu za msalaba za pikipiki za Japani zinafuata JIS, kiwango cha viwanda vya Japani, na bisibisi ya Phillips haizami ndani yake sawasawa. Inapanda juu na kula kichwa. Nilikula vichwa vinne kwenye pikipiki yangu ya kwanza kabla sijaelewa kosa liko wapi. Tafuta bisibisi ya JIS, na kwa zile zilizogoma tumia bisibisi ya kugongwa, ile inayozunguka kila nyundo inapotua.

2. Injini iliyokwama

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kiki ikikataa kushuka, usiipande kwa mguu: meno ya kiki ni laini kuliko kutu.

Toa plagi. Mimina vijiko vichache vya mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kupitia tundu la plagi. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo fungua mlango wa gereji na pasiwe na sigara wala cheche. Ziba tundu kwa kitambaa, nenda zako. Kesho ongeza kidogo. Siku ya tatu weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, ulisukume mbele na kulirudisha nyuma kwa nguvu ya mikono tu.

Pistoni ngumu kuliko zote nilizokutana nazo ilichukua siku 9. Ilipoachia haikuachia kwa kishindo. Gurudumu lilisogea upana wa kidole, nikasikia mkwaruzo mdogo ndani ya silinda, kama ukucha juu ya karatasi. Ukifika hapo usifurahi ukazungusha mzunguko mzima. Endelea kuyumbisha, ongeza mafuta, acha kutu imeguke polepole.

Ikizunguka yote, fungua silinda hedi na uivue silinda. Pitisha ukucha ukutani, kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, silinda inahitaji kuchongwa na pistoni ya saizi inayofuata. Usijidanganye na ringi mpya. Kama ukuta ni laini, sukuma ringi moja ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vyenye unene uliopimwa) ulinganishe na kitabu.

Ukiwa bado ndani, safisha chujio la oili. CG125 haina chujio la karatasi. Ina bakuli linalozunguka na kurusha uchafu ukutani mwake, na kwenye injini iliyotelekezwa utakuta tope jeusi limekauka humo kama sabuni ya kipande. Likwangue lote. Hakikisha hakuna chembe inayodondokea kwenye tundu la kati, kwa sababu oili ya kwenda kwenye krenki inapita hapo.

3. Tangi na kabureta

Tangi "tupu" ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hulipuka. Usilichomelee wala kulisaga kwa mashine. Toa koki, ziba matundu, jaza maji yenye asidi ya sitriki, acha usiku kucha. Suuza, pitisha maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, suuza tena, kisha kausha haraka kwa hewa ya moto, tangi likiwa limeshaisha harufu yoyote ya petroli. Chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu ndani ya saa chache, hivyo zungushia oili kidogo ndani mara tu kinapokauka.

Kwenye kabureta, kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka igote huku ukihesabu mizunguko, na uandike namba hiyo. Jeti usizichokoe kwa waya. Shaba ni laini na tundu litapanuka. Natumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Inua jeti ndogo kuelekea mwanga: tundu lionekane la duara, kama nyota ndogo. Ukiona nusu mwezi, irudishe kwenye dawa ya kusafishia kabureta.

4. Umeme

Hapa nitapita upesi. Matatizo mengi ya waya za zamani yako kwenye ethi, njia ya umeme kurudi kupitia fremu, kwa hiyo kwangua rangi na kutu pale inaposhikana na fremu kabla ya kununua chochote. Magneti, lile gurudumu la sumaku la injini, itolewe kwa pula (kifaa cha kuvutia) yenye nyuzi zake, kamwe isigongwe nyundo. Safisha pointi kwa msasa laini, zifute kwa karatasi safi, weka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa wazi kabisa. Plagi iwe 0.6 hadi 0.7. Kama mfumo ni wa volti 6, balbu za volti 12 zitakupa mwanga wa mshumaa.

5. Breki, tairi, beringi

Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Tairi lina namba ya tarehe ubavuni: tarakimu nne zikiwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, lilitengenezwa kabla ya 2000. Litupe hata kama kashata zake zimejaa.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo usikilize. Iliyolegea inatoa sauti ya bubu.

Inua gurudumu la mbele hewani, geuza usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimba vishimo na hakuna grisi itakayozitibu.

6. Funga yote bila rangi

Wengi huruka hatua hii, na mimi niliiruka pia. Nilipaka fremu, nikasubiri wiki mbili ikomae, nikaleta injini, bolti ya nyuma ikakataa kupita: sikio moja la fremu lilikuwa limepinda na lina ufa. Nilisaga rangi yangu mwenyewe hadi kwenye chuma ili lichomelewe.

Kwa hiyo funga injini, magurudumu, tangi, sailensa, madiga na taa. Kaza kwa mkono. Geuza usukani pande zote uone kama kebo inavutika. Kila kisichoingia sasa hakitaingia kikiwa na rangi, kwa sababu rangi nayo ina unene.

Ndipo fungua tena upake. Ziba nyuzi za bolti, viti vya beringi na sehemu za ethi kwa tepu, wala usiifunike namba ya fremu kwa rangi nzito.

7. Kuwasha

Tia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huweza kufanya klachi iteleze, kwa kuwa klachi hii huoga kwenye oili hiyohiyo ya injini. Weka tapeti, yaani mwanya kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma), milimita 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T ya magneti ikikaa sawa na valvu zote mbili zimefunga.

Toa plagi, piga kiki mara thelathini hivi, angalia oili imefika kwenye roka. Rudisha plagi, sukuma pikipiki nje ya gereji, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu ya kukuonya, kisha washa. Ikinguruma, iache dakika chache, izime. Ikipoa kabisa, kaza nati za silinda hedi kwa mtindo wa msalaba na upime tapeti upya. Zitakuwa zimehama kidogo. Rudia baada ya kilomita 50, na oili hiyo ya kwanza imwage siku hiyohiyo, uiangalie juani kwenye chombo cheupe kama ina chembe za chuma.