Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito na diski unaitilia shaka: okoa mafaili kwanza

Wiki iliyopita mama mkubwa alinipigia simu kutoka Morogoro. "Mwanangu, hii kompyuta siku hizi naiwasha, nachemsha chai, nakunywa mpaka namaliza, yenyewe bado inazunguka tu." Nikamuuliza kama kuna mtu ameshaigusa. "Kuna kijana alikuja akasafisha virusi. Kesho anarudi kupiga Windows upya."

Ndani ya mashine ile kuna picha za harusi tatu na za msiba wa baba mkubwa, na hazipo kwingine kokote. Nikamwomba aizime, achomoe waya ukutani, na asimruhusu mtu aiguse mpaka nifike Jumamosi.

Haya ndiyo niliyofanya, kwa mpangilio ule ule. Nayaandika kwa sababu naona mafundi wengi wakianza na kupiga Windows, na diski ikiwa inakufa, hapo ndipo picha za watu zinapopotelea.

Hatua ya 1: Jua kinachoizuia

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda Performance, utazame Memory kisha Disk.

Memory ikiwa imejaa karibu yote na mashine ina RAM ya GB 4, huenda shida ni hiyo tu. Ongeza ifike 8, huna haja ya kuendelea kusoma.

Disk ikisimama kwenye asilimia 100 huku kasi ya kusoma haifiki hata MB 1 kwa sekunde, tazama mstari wa Average response time. Diski ya kuzunguka yenye afya hujibu ndani ya makumi ya milisekunde. Ya mama mkubwa ilikuwa ikiruka hadi 4,000 na zaidi, yaani sekunde nne nzima kungojea jibu moja. Kasi ya namna hiyo kwa kawaida haitokani na virusi.

Kisha weka sikio karibu. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka unaojirudia, izime hapo hapo na usiendelee na hatua zozote za hapa. Vichwa vya kusomea huenda vimeharibika, na kila dakika inayowaka vinaweza kuukwaruza uso wa diski. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Na tafadhali, usiiweke diski kwenye friza kwa kuwa ulimsikia mtu akisema inasaidia: ukiitoa, unyevu unageuka matone ya maji ndani yake.

Hatua ya 2: Soma cheti cha diski

Diski yenyewe huweka kumbukumbu ya maradhi yake, inaitwa SMART. Kwenye Windows natumia CrystalDiskInfo, na sioni sababu ya kutumia nyingine: ni ya bure, ndogo, na inafunguka hata kwenye mashine iliyochoka.

Usiishie kwenye lile neno la rangi, Good au Caution. Nimeshika diski zilizoandikwa Good na bado zilikuwa zinakufa. Angalia namba hizi: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba, C5, sekta zinazogoma kusomeka na zinasubiri kuamuliwa, C6, zilizoshindikana kabisa. Zote zinatakiwa kuwa sifuri. Programu hii huonyesha thamani kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo usishtuke wala usidharau bila kuigeuza kuwa namba za kawaida kwenye menyu ya Function, Advanced Feature, Raw Values. Ya mama mkubwa, C5 ilisomeka D8. Hiyo ni 216.

Namba ya C7 ni kesi tofauti. Ikiwa hiyo ndiyo pekee inayopanda, mara nyingi mgonjwa ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi. Badilisha waya. Namba haitashuka, lakini ikiacha kupanda umepona.

Hatua ya 3: Hamisha kila kitu kabla ya kutengeneza chochote

Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Narudia, kwa sababu ndiyo amri ya kwanza utakayoambiwa na karibu kila mtu. Inailazimisha diski mgonjwa isome kila sekta kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wakati huo huo inaandika juu yake, ikirekebisha orodha za mafaili kwa kutegemea vipande ambavyo haikuvisoma vizuri. Nimeona folda nzima zikigeuka kuwa mafaili ya FOUND.000 yasiyo na majina. Hata kupunguza mtawanyiko wa mafaili (defrag) usiguse.

Kama Windows bado inawaka, nakili kwanza kile kidogo cha thamani kuliko vyote kwenye flashi, halafu uzime. Mengine yote yatatoka kwa ddrescue, programu ya bure ya kunakili diski mbovu.

Najua kuna programu za kulipia zenye vitufe vizuri. Mimi naamini ddrescue peke yake. Inasoma kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, ikikutana na pabovu inaruka, na inarudi kwenye mabovu mwishoni, wakati kilicho salama kimeshavuka. Programu nyingi za kunakili hukwama kwenye sekta ya kwanza mbovu, zikigonga hapo hapo mpaka diski inakata roho.

Utahitaji flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe, ambayo naitengeneza kwa programu ya Rufus. Napenda hii kuliko Ubuntu kwa sababu ddrescue tayari imo, huhitaji bando la kupakua kitu. Utahitaji pia diski mpya, flashi ya pili, na UPS.

Kuhusu diski mpya, sikiliza vizuri kabla hujalipa. Lazima iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, kwa hesabu ya baiti. Diski ya kuzunguka ya GB 500 ina baiti bilioni 500 na ushee. SSD (diski isiyozunguka) inayouzwa sana madukani ni ya 480, nayo ina baiti bilioni 480 tu. Nakala haitatosha, na utaligundua hilo mwishoni kabisa, baada ya saa nyingi. Nunua ya 500 au 512.

Funga diski zote mbili moja kwa moja kwenye bodi kwa waya za SATA. Vile vibao vya kuunganisha SATA kwenye USB hupoteza mawasiliano diski mgonjwa inapokwama. Washa kwa SystemRescue, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Hapa ndipo pa kusimama. Chukua karatasi, andika namba ya SERIAL ya kila diski, uilinganishe na ile iliyochapwa kwenye kibandiko cha diski yenyewe. Kwangu ya zamani ilikuwa sda na mpya sdb. Lakini majina hayo si ya kudumu: ukizima na kuwasha yanaweza kubadilishana. Kwenye ddrescue chanzo huja kwanza, diski inayopokea hufuata. Ukikosea, unaandika utupu wa diski mpya juu ya picha za msiba, na hakuna fundi atakayezirudisha. Kwa hiyo kila unapowasha upya, lsblk tena, karatasi tena.

Sasa flashi ya pili. Hii ndiyo iliyonigharimu usiku mzima miaka ya nyuma, nikiokoa kazi ya mwanafunzi. ddrescue huandika ramani, faili dogo linaloonyesha kilichosomwa na kilichobaki. SystemRescue inaishi ndani ya RAM. Mimi niliiacha ramani humo humo, sikuwa na UPS, na saa tisa usiku umeme ukakatika. Ulivyorudi, ramani haipo. Nikaanza upya kutoka sifuri, na safari hii diski ikagoma kusoma maeneo iliyokuwa imeyasoma jioni. Sura mbili za utafiti wa yule binti hazikupatikana. Tangu siku hiyo ramani nahifadhi nje:

mkdir /mnt/ramani
mount /dev/sdd1 /mnt/ramani

(Badala ya sdd1 weka jina la flashi yako, uliloliona kwenye lsblk.) Kisha mzunguko wa kwanza:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani/mama.map

Ile -n inaiambia isihangaike na kukwangua maeneo mabovu kwa sasa. Diski nzuri ya GB 500 ingemaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili. Hii ilichukua saa kumi na moja. Usiikatishe kwa sababu kasi imeshuka, lakini shika diski kwa mkono mara kwa mara. Ikiwa ya moto sana, elekeza feni. Ukilazimika kusimamisha, Ctrl na C, ramani inabaki na utaendelea ulipoishia.

Mzunguko wa pili, kwa ramani ile ile:

ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani/mama.map

Hapa inarudi kwenye mabovu na kuyajaribu mara tatu. Tulimaliza na asilimia 99.99, na kipande kidogo kisichosomeka.

Hatua ya 4: Washa kwa diski mpya

Zima, chomoa diski ya zamani kabisa, uiache mpya peke yake. Zikikaa zote mbili Windows inaona utambulisho mmoja mara mbili na kuizima mojawapo. Mashine ikiwaka, sasa ndiyo chkdsk C: /f inaruhusiwa, kwa kuwa unaiendesha kwenye diski nzima isiyo na ugonjwa. Fuatisha sfc /scannow, inayokagua mafaili ya Windows yenyewe.

Kama ni Windows 10, fahamu kwamba Microsoft walisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Uamuzi wa kuhamia nyingine ufanye sasa, mafaili yakiwa salama.

Fungua picha moja moja, usitosheke na kuona majina yake kwenye folda. Tulikaa na mama mkubwa jioni nzima tukizipitia. Picha mbili za harusi zilikuwa za kijivu kuanzia kiunoni kwenda chini. Za msiba zilifunguka zote. Alipofika kwenye ile picha ambayo baba mkubwa alipigwa mwaka wake wa mwisho, amekaa barazani na kanzu nyeupe, aliniomba nisibonyeze mbele kwanza.

Siku hiyo hiyo nilizinakili zote kwenye diski ya nje, nikaikabidhi kwa binamu yangu anayeishi nyumba nyingine. Diski ya zamani nimeifunga kwenye karatasi na kuandika tarehe na neno "mbovu", na ramani nimeihifadhi pamoja nayo. Itakaa kabatini mpaka mama mkubwa aniambie hakuna kilichopungua.