Kabla ya kununua kamera ndogo ya zamani, fungua mgongo wake

Anayeanza kukusanya kamera ndogondogo za zamani za filamu ya kuviringisha, hasa zile za Japani zinazoenea kiganjani kama Mycro na Hit, huvutiwa na mng'ao wa kromu akasahau kutazama ndani. Kamera hizi zilitumia filamu yenye upana wa milimita 17.5, iliyofunikwa kwa karatasi upande wa nyuma, na kutoa picha za mraba za takriban milimita 14 kwa 14. Kwa kuwa filamu hiyo haiuzwi tena kama bidhaa ya kawaida, spuli tupu iliyosalia ndani ni hazina, kwani bila hiyo hutakuwa na pa kuviringishia filamu uliyojikatia mwenyewe kutoka kwenye filamu pana zaidi. Mimi huikagua hata kabla ya lenzi.

Maandishi yanayoitaja Japani iliyokaliwa, yaani Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya kigeni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo mara nyingi huwa chini ya kamera, yanaonyesha kwamba ilitengenezwa katika kipindi cha 1945 hadi 1952, kwa hiyo usiyasugue kamwe.

Shata, yaani kifaa kinachofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga, ikikwama, usiitie mafuta, kwa sababu mafuta hutambaa hadi kwenye vibamba vyake na kuvigandisha zaidi. Mfuko wa ngozi nao, ingawa unapendeza na unastahili kutunzwa, uhifadhi kando na kamera yenyewe: ngozi hushika unyevu, na unyevu huotesha kuvu kwenye lenzi, ambayo ikishakula kioo hakuna kitambaa kitakachoifuta.