Kabla hujakabidhi insha, kagua hoja kuu

Soma swali mara tatu. Likisema "jadili", linataka msimamo wako. Likisema "kwa kiasi gani", linataka kipimo, na hoja isiyopima haijajibu swali hata iwe imeandikwa kwa ufasaha gani. Pigia mstari kitenzi cha swali kabla hujagusa kitabu.

Hoja kuu ni dai. "Insha hii itazungumzia gugumaji katika Ziwa Victoria" haijadai chochote. Imetaja mada tu. "Gugumaji lina madhara" nayo haitoshi, kwa sababu tangu Jinja mpaka Kisumu hutapata wa kukukatalia. Sasa sikiliza hii: "Kuopoa gugumaji ni kazi isiyokwisha maadamu maji taka na mbolea za mashambani zinaendelea kuingia ziwani, kwa kuwa ndizo zinazolilisha." Hapo mtu anaweza kusimama akasema la, wadudu walioletwa miaka ya 1990 kulila walilipunguza sana bila maji taka kuguswa. Vizuri. Mpinzani amepatikana, na wewe una la kumjibu. Insha imeanza.

Hoja kuu iweke mwishoni mwa aya ya kwanza. Sentensi moja, zikizidi mbili.

Ondoa "mbalimbali", "mengi" na "kwa namna moja au nyingine". Nafundisha Kiswahili sekondari na kila muhula nasoma "changamoto mbalimbali" mpaka macho yananiuma. Anayeandika hivyo bado hajachagua. Ni changamoto gani? Taja mbili, taja tatu, kisha kila moja uitafutie ushahidi. Ukikosa ushahidi, dai hilo liache.

Lililobaki ndilo lililonigharimu, kwa hiyo lisome polepole.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, Kampala, tulipewa swali kuhusu mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule ulioanza mwaka 1997 kwa serikali kulipia watoto wanne wa kila familia. Nikaandika hoja kuu usiku uleule: mpango umefanikiwa kwa sababu uliondoa karo. Mhadhiri akaipitisha. Nikainakili kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kitanda, kisha ndipo nikaanza kusoma.

Takwimu za mwanzo zilinipa moyo. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 3 mwaka 1996. Mwaka uliofuata walizidi milioni 5. Lakini kadiri nilivyoendelea, ndivyo nilivyokutana na madarasa yaliyofurika, watoto wanaosomea chini ya miti, mwalimu mmoja na umati wa wanafunzi, na watoto wengi walioacha shule kabla ya kufika darasa la saba. Yote niliyaandika, sikuficha kitu. Kufikia ukurasa wa tano nilikuwa nasema kwamba kuondoa karo kulifungua mlango, lakini kumbakiza mtoto darasani kulihitaji zaidi ya hapo. Aya ya kwanza sikuirudia. Ilikuwa imeshapitishwa, nami nikaiona kama jambo lililokwisha.

Insha iliporudi ilikuwa na duara mbili za wino mwekundu, moja kwenye hoja kuu na nyingine ukurasa wa tano. Pembeni mhadhiri aliuliza: kati ya hawa wawili, nimwamini nani? Alama 43. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikaisoma upya yote, na katikati ya ile aya ya ukurasa wa tano nikaikuta sentensi niliyoihitaji: "Kuondoa karo kuliwaingiza watoto shuleni lakini hakukuwabakiza, kwa kuwa madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile." Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu. Ilitakiwa kupandishwa juu, basi.

Kwa hiyo, hoja ya siku ya kwanza iandike kwa penseli. Ukimaliza insha, funika utangulizi, soma sentensi ya kwanza ya kila aya, halafu andika pembeni aya hizo zimethibitisha nini. Funua ulinganishe. Zikitofautiana, badilisha hoja kuu, ushahidi usiupinde. Kisha pita tena aya baada ya aya, na ile isiyoisaidia hoja mpya itoe, hata kama uliihangaikia usiku kucha. Mhadhiri aliyeipitisha ile ya zamani mfuate umwonyeshe mpya. Hatakasirika. Alipitisha mwanzo wa kazi, na anajua kusoma hubadilisha mtu.

Mpe mtu asiyesoma kozi yako aisome. Akishindwa kukwambia unadai nini, tatizo si lake. Usiazime hoja ya mwenzako wa chumbani. Anayesahihisha anasoma rundo zima kwa mkupuo mmoja na ataziona mbili zinazofanana. Chapa siku moja kabla, maana umeme hukatika siku ya mwisho na foleni ya duka la kuchapa siku hiyo haina huruma. Hesabu kurasa hapohapo dukani. Angalia namba yako ya usajili. Na ubaki na nakala.