Chakula cha mbwa wa ulinzi kwa bei ya sokoni

Mbwa mzima wa kilo 20 anatosheka na gramu 400 hadi 600 kwa siku. Mgawie asubuhi na jioni.

Kwa gramu 500: nusu iwe nyama ya kichwa, moyo au shingo za kuku, ini gramu 25 tu, likizidi kila siku linamdhuru. Kinachobaki ni wali laini, boga na mchicha uliochemshwa bila chumvi. Kitunguu na kitunguu thomu usitie kabisa, hata mabaki ya mchuzi, maana vinaharibu damu yake.

Mifupa ndiyo inayowakosesha wengi. Shingo ya kuku mbichi inatafunika. Ikishapikwa mfupa unakatika vipande vikali vinavyochoma utumbo. Ukipika, toa mifupa yote. Badala yake kausha maganda ya mayai, yatwange mpaka yawe unga kama wa muhogo, umtilie nusu kijiko cha chai kwa siku. Nyama tupu bila unga huo wa maganda hudhoofisha mifupa, na watoto wa mbwa huumia zaidi.

Ukimpa dagaa wakavu wa Unguja, kumbuka huchemshwa kwa maji ya chumvi, basi waroweke saa kadhaa, ukibadilisha maji mara mbili.

Ukinunua ini au mapafu, yapasue uyaangalie. Ukiona vifuko vyenye maji, choma moto au fukia kwa kina: ndani mna minyoo inayompata mbwa, kisha watu wa nyumbani. Yanayoonekana safi nayo yachemshe vizuri.