Kurekebisha kimo cha pikapu yenye koilova za mbele

Koilova ni shokapu iliyovishwa springi, yenye nati kwenye nyuzi za bodi yake inayobana springi hiyo. Egesha gari kwenye sakafu tambarare, kisha pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili. Usipime kutoka chini. Upepo wa tairi utakudanganya.

Piga jeki, weka stendi chini ya chesisi, toa tairi zote mbili za mbele ili springi zipungukiwe na mzigo. Sugua nyuzi za koilova kwa brashi ya waya na upulizie mafuta ya kulainisha. Wengi huruka hatua hii: mchanga ukinaswa kwenye nyuzi za alumini, nati hukwama kabisa, na hapo dawa ni kununua bodi nyingine ya koilova.

Legeza skrubu inayobana nati, chora alama ya rangi, kisha zungusha kwa spana ya ndoano. Nati ikikandamiza springi, gari huinuka. Kwa kuwa koilova hushika katikati ya mkono wa chini wa sasipensheni, milimita 10 za nati huleta zaidi ya 10 kwenye fenda, mara nyingi 15 hadi 20.

Tamaa ndiyo huharibu. Nati haiongezi urefu wa shokapu, inakula nafasi yake ya kushuka. Ukisikia “kong!” kila gari linapovuka tuta, umezidisha, jointi za eksele nazo zitaisha mapema.

Rudisha tairi, endesha kilomita chache springi zitulie, pima tena. Kaza skrubu, kisha kafanye alaimenti na uelekeze taa upya.