Somo: Kurithi bunduki ya familia iliyoko jimbo jingine la Marekani

Ndugu zangu mlioko Marekani, wiki hii dada mmoja alinipigia simu akiwa na bastola ya marehemu baba mkwe wake mezani, sanduku la kuipakia liko tayari, anauliza posta wanafunga saa ngapi. Nilimwambia aiache palepale tuongee kwanza. Baada ya simu ile nikaona somo hili nisilicheleweshe tena, maana wengi wetu tumeolewa na kuoa katika familia ambazo kila mzee ana bunduki, na siku ya msiba hakuna anayetuambia sheria inasemaje.

Shina la jambo ni hili. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza mtu wa kawaida kupokea bunduki jimbo jingine na kuja nayo kwao bila kupitia duka lenye leseni, ile wanayoiita FFL. Ila sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa urithi, iwe ni kwa wosia au kwa mgawo wa kisheria pale marehemu asipoacha wosia. Mlango huo hauwahusu walio hai. Baba akikukabidhi bunduki yake akiwa bado anapumua, hata kama ni kitandani hospitalini, hiyo ni zawadi. Akikuachia katika wosia akafariki, huo ni urithi.

Sisi yalitukuta yote mawili kwa siku moja. Baba mkwe wangu alifariki Pennsylvania, sisi tunaishi Texas. Wosia ulimpa mume wangu Winchester ya kuwindia kulungu, na bastola akapewa shemeji yangu anayeishi hukohuko. Baada ya maziko shemeji akasema, "Mimi siitaki, chukueni zote." Mume wangu alikuwa ameshainyanyua. Winchester ilikuwa urithi wake halali, lakini ile bastola ilikuwa ya shemeji, na shemeji yu hai. Kuipakia kwenye gari kungekuwa kosa la jinai, na sisi tungedhani ni mambo ya ndugu tu.

Hatua ya kwanza: wewe mwenyewe unaruhusiwa?

Anzeni hapa, kabla ya kuuliza habari za bunduki. Sheria ya shirikisho inawazuia kumiliki silaha watu waliotiwa hatiani kwa kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja, waliotiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani hata kama ni kosa dogo, wenye amri ya mahakama ya kuwazuia kumsogelea mwenza, na watumiaji wa dawa haramu. Bangi imo, hata jimbo lako liwe limeiruhusu.

Kwa sisi wageni liko kubwa zaidi. Asiye na hadhi halali ya kuishi nchini amezuiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, naye amezuiwa, isipokuwa awe na msamaha maalumu, kama ule wa mwenye leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Na mjue kwamba kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, grini kadi au bila grini kadi. Kama hadhi yako ina utata wowote, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaigusa.

Hatua ya pili: msimamizi wa mirathi na karatasi zake

Bunduki haitoki mkononi mwa marehemu kuja kwako moja kwa moja. Inapitia kwa msimamizi wa mirathi. Mwombe nakala ya wosia, cheti cha kifo, hati ya mahakama inayomtambua yeye, na barua yenye sahihi yake inayotaja kila bunduki kwa aina, kampuni na namba, na kwamba umepewa wewe kama mrithi. Barua hii ndiyo itakayokutetea ukisimamishwa barabarani, na ndiyo itakayoonyesha miaka kumi baadaye ulivyoipata.

Msishtuke mkikosa namba. Bunduki nyingi za kabla ya 1968 zilitengenezwa bila namba na ni halali. Iliyokwanguliwa namba ndiyo hatari, hiyo usiipokee.

Hatua ya tatu: hakikisha haina risasi, na ujue ni kitu gani

Kama hujui silaha, usijifunzie kwenye ya marehemu. Sisi tulimwita jirani mwindaji. Winchester ile ilikuwa chini ya ngazi za ghala la chini ya nyumba, imeviringishwa blanketi la sufu linalonuka mafuta. Kila mtu aliapa kwamba haina kitu. Jirani akavuta ule wenzo wa chini, ikatoka risasi, akavuta tena, ikatoka ya pili. Zilikuwa zimelala kwenye bomba lililo chini ya mtutu, tangu msimu gani Mungu ndiye ajuaye. Mtoto wangu wa miaka sita alikuwa amekaa juu ya ngazi zilezile.

Angalieni pia kama ni silaha inayobanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934: bunduki ya rashasha, kizuia sauti, shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18, au raifo yenye mtutu chini ya inchi 16. Kama imesajiliwa, mrithi halali anahamishiwa kwa Fomu 5 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, bila kodi, na haitoki kwa msimamizi mpaka kibali kije. Kama haikusajiliwa, mrithi hana njia ya kuisajili. Baadhi ya wazee walirudi na silaha za namna hii kutoka vitani. Usiisafirishe, wakili azungumze na ATF kuhusu kuisalimisha.

Hatua ya nne: sheria ya jimbo lako

Mlango wa shirikisho haufungui mlango wa jimbo. Texas hakuna usajili. Illinois unahitaji kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha jimbo cha mmiliki wa silaha, kabla ya kuwa na bunduki. California, anayerithi kwa mzazi ana siku 30 za kutoa taarifa kwa Idara ya Sheria ya jimbo, na magazini ya risasi zaidi ya 10 usiingie nayo. Hawaii unasajili ndani ya siku 5 tangu kufika. New York bastola inataka leseni, na msimamizi wa mirathi ana siku 15 tu za kuihamisha kisheria au kuipeleka polisi. Huko usimalize arobaini ndipo ufungue kabati.

Hatua ya tano: safari

Kwa gari, bunduki isiwe na risasi, na bunduki na risasi zote zikae pasipofikiwa na abiria, yaani kwenye buti. Gari lisilo na buti, weka kwenye kasha lenye kufuli. Kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiki. Ukifuata hivyo, sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda majimbo unayopita, mradi silaha ni halali unakotoka na unakokwenda. Sisi tulishuka na barabara kuu ya I-81: Maryland ni maili 12 tu, lakini ndani ya maili hizo sheria ni ya Maryland. Hatukusimama hata kununua maji.

Kwa ndege ni kwenye mzigo wa chini, kasha gumu lenye kufuli, bila risasi ndani ya silaha, na unaitangaza kaunta. Epuka kuunganisha ndege New Jersey au New York. Mwaka 2005 msafiri wa Utah alikosa ndege Newark, akapewa mzigo wake, akalala hotelini. Asubuhi alipoutangaza tena alikamatwa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema ile sheria ya 1986 haikumlinda, kwa kuwa silaha ilikuwa mkononi mwake usiku kucha.

Hutaki kusafiri nayo? Duka lenye FFL la huko linatuma kwa duka lenye FFL la kwenu. Ile bastola ya shemeji ilikuja hivyo: mume wangu akajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kupokea silaha dukani, rekodi zake zikakaguliwa, akalipa, akaichukua.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, baba mkwe alimwachia mwanangu bastola. Ana miaka 16. Nifanyeje?

Jibu: Pole kwa msiba, mama. Sheria inaruhusu umiliki uwe wake kwa urithi, lakini kuishika asiishike mpaka atimize 18. Mzazi anayeruhusiwa kuwa na silaha anaitunza kwenye sefu. Barua ya msimamizi iandikwe kwa jina la mtoto.

Swali: Mimi nipo kwa viza ya masomo, mke wangu ni raia na amerithi raifo ya babu yake. Tunaishi chumba kimoja. Nina kosa?

Jibu: Yeye hana shida. Shida ni wewe kuweza kuifikia, maana sheria inaweza kuhesabu kwamba unayo. Sefu iwe yake, ufunguo au namba awe nayo yeye peke yake, na usiende nayo kulenga shabaha. Mimi ningemwachia kaka yake aitunze mpaka upate grini kadi.

Swali: Naomba kujua naibadilishaje iwe kwa jina langu. Nyumbani Tanzania kila bunduki ina leseni ya mtu.

Jibu: Swali zuri, kaka. Marekani hakuna daftari la nchi nzima la bunduki za kawaida, na majimbo mengi hayana pia. Hakuna jina la kubadilisha. Ndiyo maana nasisitiza barua ya msimamizi.

Swali: Shikamoo. Naweza kumpelekea mzee wangu Kenya shotgani niliyorithi?

Jibu: Marahaba. Kwenye sanduku la nguo, hapana kabisa. Unahitaji leseni ya kuitoa Marekani kutoka Wizara ya Biashara, na mzee awe na kibali cha Kenya mkononi kabla haijaondoka. Gharama na muda ni vikubwa. Iuze kwa duka lenye leseni, umtumie mzee hela.